Risasi Alizojaza Mume Wangu

Mume wangu alikuwa akijaza risasi zake mwenyewe. Bunduki yake ilikuwa ya mtindo wa zamani, ile ambayo ukishapiga unavuta wenzo wa chini ili upige tena, na risasi zake zilikuwa nene kama kidole gumba changu. Dukani zilikuwapo, ila kwa bei iliyomkera. Zaidi ya bei, alipenda kazi yenyewe. Kila vuli kabla ya kwenda kaskazini kuwinda paa, alishuka besimenti, chumba cha chini ya ardhi cha nyumba yetu ya Maplewood, na maganda matupu ya mwaka uliopita. Aliyasafisha, akayarudishia umbo kwa mashine ya mkono iliyofungwa mezani, akapachika kitakoni fataki mpya, kile kidude kinachowasha baruti. Kisha baruti, kisha kichwa cha risasi juu yake.

Kazi yangu ilikuwa mizani. Nafua mashuka hospitalini na shule yangu iliishia darasa la saba, lakini macho yangu ni mazuri. Mshale ukitulia katikati nasema, "Haya," naye anamimina. Halafu anamulika tochi ndani ya ganda, sote wawili tunachungulia.

Kuchungulia kulikuwa na sababu. Ganda lile lilitengenezwa enzi za baruti nyeusi, iliyokuwa ikilijaza mpaka juu. Baruti ya siku hizi ina nguvu, kiasi chake hakifiki hata nusu ya ganda. Ukisahau ukamimina mara mbili, haimwagiki. Ganda linapokea tu. Siku ya kupiga ndipo bunduki inapasuka usoni mwa mtu. Kwa hiyo alikuwa na masharti yake: kopo moja tu la baruti mezani, na usipige risasi iliyojazwa na mtu mwingine kama hukumwona akiijaza.

Mwaka wake wa mwisho, dawa za saratani zilimchosha kichwa. Jioni moja nilirudi kazini nikakuta amejaza sanduku zima peke yake.

"Nimekupunguzia kazi," akasema, amefurahi.

Wiki hiyohiyo alikuwa ametia chumvi kwenye maharage mara mbili. Nilimwambia asante, nikaliweka sanduku kabatini. Msimu ulipofika hakuwa na nguvu za kwenda. Akafariki majira ya kuchipua.

Siku ya kumaliza msiba, ndugu walijaa sebuleni na vitu vyake vikagawanywa. Makoti, saa, vifaa vya useremala. Bunduki ilikwenda kwa mdogo wake anayeishi Lakeville, na hakuna aliyebisha, maana ndiye aliyekuwa akienda naye porini.

"Na risasi zake, shem?" akauliza.

"Risasi hapana."

"Ala! Bunduki bila risasi si fimbo hiyo? Unataka nikamchape nayo paa?"

Watu wakacheka, mara ya kwanza siku ile. Nikasema nitamnunulia nyingine. Hapo yeye akaacha kucheka.

"Vitu vya marehemu havizuiliwi, mwanangu," akasema shangazi yao. "Mpe mdogo wake."

Sikujibu mbele ya watu. Mume wangu aliniomba nisimwambie mtu hali ya kichwa chake, nami niliitikia. Lakini nilimwona shemeji yangu akiipakia ile bunduki garini, nikajua nikinyamaza atarudi siku nyingine kuzifuata. Nikatoka nje.

"Kaka yako alikuwa anasahau," nikamwambia.

"Anasahau nini?"

"Chumvi. Vidonge vyake. Siku moja alitaka nimpigie simu mama yenu."

Mama yao alikuwa ameshafariki zamani. Akaegemea mlango wa gari.

"Kwenye risasi asingesahau," akasema. "Mkono wake nauamini kuliko wangu. Nipe moja tu, shem. Nipige moja ya kumuaga."

"Hiyo moja ndiyo ninayoiogopa. Hizi sikumwona akizijaza."

"Si uzipime basi!"

Nikamweleza kwamba nilishajaribu. Maganda yanapishana uzito, na vichwa vya risasi vinapishana, nisingeweza kuapa. Njia ilikuwa moja tu, kuzifungua zote.

Alikuja Jumamosi. Tuna nyundo ya plastiki yenye tundu kichwani. Unaingiza risasi humo, unagonga sakafuni, kichwa kinachomoka pamoja na baruti yake. Mwanzoni alikaa amekunja mikono, nagonga mimi. Nilipochoka aliichukua nyundo bila kuombwa. Nilimimina baruti ya kila risasi kwenye mizani, na kila mara mshale ulikwenda ukatulia katikati. Hakuna iliyozidi, hakuna iliyopungua, mpaka sanduku likaisha.

Nasema kweli, nilitaka ipatikane hata moja iliyokosewa. Siri yake nilikuwa nimeshaitoa, nikatamani iwe imetoka kwa sababu.

"Umeona?" shemeji akasema, bila ukali. "Ulimshuku bure."

"Nilimshuku. Bure, ndiyo."

"Ungefanya tena?"

"Ningefanya tena."

Akafuta macho kwa mkono wa shati. Kisha akavuta kiti karibu na mashine. Tukaanza upya kwa vitu vilevile: maganda yake, baruti yake, vichwa vyake. Mimi mizani, yeye kumimina. Mara ya kwanza niliposema "Haya," hakuna kilichotokea. Hakujua kwamba hiyo ndiyo ishara. Nikamwonyesha. Akamimina, akamulika tochi, tukachungulia wote wawili, akakandamiza kichwa cha risasi juu yake.

Tulipomaliza alifunga sanduku, akalitazama.

"Ni zilezile za kaka," akasema.

"Ni zilezile. Sasa unaweza kwenda nazo."

Akalibeba kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai, akapanda ngazi. Mimi nikabaki kufuta mizani.