Modesta wa L na R

Modesta Luhende anatunza kumbukumbu kwenye masjala ya ofisi yetu hapa Mwanza, na mimi, Sihaba, ni katibu muhtasi wa chumba cha pili. Tunatenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo nayajua mambo yake mengi kuliko anavyotaka. Nasema mapema kwamba nampenda, maana kuna mahali humu nitamsema.

Watu wakisikia masjala wanafikiria vumbi. Modesta alipotangaza kwamba anatafuta uzamili wa menejimenti ya nyaraka, ofisi nzima ilicheka.

"Yaani usome mpaka masta kwa ajili ya kupanga mafaili?" aliuliza Bashiru wa uhasibu, huku akitafuta kikombe chake cha chai, ambacho hupotea kila wiki.

Modesta akarudi kwenye fomu zake za maombi. Yeye ukimcheka anaendelea na lile lile ulilomcheka.

Alitafuta chuo kama anavyochagua nyanya sokoni Mkuyuni, anaigeuza kila upande mpaka muuzaji anasonya. Mshahara wake ni huu huu wetu, na nyumbani Igogo anaishi na baba yake, mgane, na wadogo zake wanaosoma. Chuo kisicho na msaada wa ada kwake hakikuwa chuo. Kila alikoandika aliuliza mambo yale yale. Mkisema ufadhili kamili, chakula na pango vimo? Mwaka wa pili nao upo, au mnaniacha njiani? Utafiti wangu naweza kuufanyia hapa kazini? Vyuo vingi vilimjibu kwa picha za majengo. Viwili vilijibu maswali. Cha kwanza kilikuwa Ulaya, wanalipa kila kitu mpaka tiketi ya ndege. Cha pili ni cha hapa nchini, wanafuta nusu ya ada na nusu utajua mwenyewe, ila unahudhuria kwa awamu na kazi huachi.

Wa Ulaya wakamchukua. Nilipiga kigelegele hadi mkuu wa ofisi akatoka kuuliza kuna harusi ya nani. Na wa hapa nao wakamchukua, ila hao hatukuwashangilia sana.

Sasa lazima niwaeleze dirisha la Modesta, ambako watu huleta karatasi wafunguliwe mafaili. Huku kwetu L na R zinahamahama. Msukuma anasema Luhende, mwalimu aliyetoka Mara anasikia Ruhende, naye anaandika alivyosikia. Basi watu wanafika dirishani, wengine wametoka ng'ambo ya ziwa kupitia Kigongo tangu alfajiri, kitambulisho kina L na cheti kina R. Modesta anazipanga karatasi mezani, anazitazama, anazirudisha.

"Samahani baba, hizi karatasi ni za watu wawili. Nenda kachague jina moja, kisha urudi."

Anasema kwa adabu kabisa, na ndivyo utaratibu wetu ulivyotaka. Lakini nimewaona wazee wakibaki wamesimama pale, wanazigeuza karatasi zao kana kwamba wameambiwa hawapo.

Asubuhi moja Modesta alikuja chumbani kwangu akaniwekea simu mezani bila salamu. Ilikuwa barua pepe kutoka Ulaya. Kitambulisho na cheti chake cha kuzaliwa vinasema Luhende. Vyeti vyake vya shule, kuanzia msingi hadi shahada, vinasema Ruhende. Nyaraka hizi, waliandika, zinaonekana kuwa za watu wawili tofauti. Kiapo cha wakili kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja hawakipokei. Ama arekebishe vyeti vyote, kazi ambayo isingekwisha kabla ya masomo kuanza, ama abadili jina kisheria awe Ruhende.

Alikuwa akijua tofauti hiyo siku zote. Hata kazini aliingia kwa kiapo, na alidhani kiapo kitatosha na huko.

"Badili," nilimwambia. "Herufi moja tu! Mimi wakinipeleka Ulaya hata Siraba nitaitwa."

"Ni jina la baba, dada Sihaba."

"Kwani baba yako ndiye anayekwenda Ulaya?"

Jioni tulimfuata Mzee Luhende sokoni Mkuyuni, anakouza maharage. Tulimwamkia, akaitika marahaba, akatupa gunia la kukalia. Modesta akamweleza yote. Mzee alisikiliza huku akichambua maharage, kisha akacheka.

"Andika R, mayu, mwanangu. Kanisani mimi Luhende, sokoni Ruhende, na yule wa sensa aliniandika Luhenge. Kote naitika. Nenda kasome."

Mimi niliona mambo yamekwisha. Nageuka, Modesta analia.

"Baba, mimi kila siku nawarudisha watu kama wewe," alisema. "Nawaambia wakachague jina. Nimewaambia wangapi?"

Mzee aliacha maharage. Alimsogezea leso yake, chafu ya vumbi la maharage, naye akajifutia hiyo hiyo.

Kesho yake Modesta aliwaandikia wa Ulaya kuwashukuru, akachagua chuo cha nusu ada kinachopokea kiapo. Utafiti wake atauanzia kwenye kabati letu: namna ya kutunza faili la mtu mwenye majina mawili bila kumlazimisha aache moja. Nilinuna wiki nzima. Nilimwambia wazi kwamba amechezea bahati, na sijayafuta maneno hayo. Nikimwona mchana anakula muhogo mkavu ili nusu ya ada ipatikane, roho inaniuma, na bado sijui nani kati yetu aliona mbali.

Ila kabati la L sasa limebandikwa kadi: Tazama na R. La R nalo: Tazama na L. Mkuu amekubali kiapo kipokelewe dirishani. Bashiru ameuliza kama kikombe chake nacho kinaweza kuwekewa kadi.

Wiki iliyopita niliwasindikiza Modesta na baba yake kwa wakili, maana chuo kilitaka mzazi naye aape. Tulikaa kwenye benchi, Mzee amevaa koti lake la kanisani, Modesta amekumbatia bahasha ya vyeti. Karani wa wakili akachungulia mlangoni na karatasi mkononi.

"Ruhende yupo?"

Modesta alifungua mdomo amsahihishe. Mzee alikuwa ameshasimama, kofia mkononi.

"Nipo," akasema. "Na Luhende nimekuja naye."