Matawi ya Kocha

Kocha hakuwahi kufundisha timu yoyote. Jina alilipata kwa filimbi aliyoning'iniza shingoni dukani, na kwa tabia yake ya kumtoa mteja nje akimbie mpaka kwenye kona na kurudi kabla hajalipia raba. Zikimbana, alikataa kumuuzia. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja, jezi mpaka mlangoni, na wateja hawakukatika.

Kilichomponza ni huruma. Mdogo wa mkewe alipoachishwa kazi, Kocha alimfungulia tawi. Binamu alipofeli masomo, tawi. Shangazi alipofiwa na mume akawa anashinda kuwapigia watu simu, tawi, tena la ghorofa. Mtaani wakasema Kocha anapanuka. Kumbe ni ukoo uliokuwa ukipanuka, yeye anautafutia viti tu. Maduka yakafika saba, na katika sita kati yake meneja hakujua kutofautisha raba za mbio na za kuendea harusini.

Mauzo yakashuka. Muuzaji wa jumla akamwambia wazi kwamba mzigo anaoweza kuulipia sasa hautoshi maduka yote: afunge moja, la sivyo yatakauka yote. Kocha akawaita ndugu sebuleni. Kila mmoja alikuwa na lake. Shemeji mkewe ni mjamzito, binamu ndiyo kwanza amechumbia, shangazi ana presha na hatakiwi kushtuliwa. Kocha aliwasikiliza wote, akawaaga vizuri.

Asubuhi akaegesha ngazi na kuanza kushusha bango la duka lake mwenyewe. Mkewe, aliyekaa kaunta tangu siku ya kwanza, akatoka nje.

"Baba watoto, hili ndilo linalolisha yale mengine."

"Najua."

"Sasa?"

"Ndilo pekee ambalo meneja wake hatanuna."

Mkewe hakucheka. Alikasirika, na alikuwa na haki.

Yale sita hayakumaliza mwaka. Ndugu wakakutana tena, safari hii bila yeye, wakakubaliana kwamba Kocha hana kichwa cha biashara. Wakamtuma shemeji apeleke funguo za duka la mwisho. Akazipeleka, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha jambo, akamwambia usoni:

"Shemeji, ungeliacha lile lako, leo tungekuwa na pa kushika."

Kocha akazipokea funguo, akampa pole.