Tusajigwe na Kiti cha Tano

Mnanichosha. Tangu mpunga uko kwenye maji mnanijia na karatasi, bibi andika habari za Tusajigwe, bibi andika, kana kwamba sina mpunga wa kuanika wala kuku wa kufukuza. Shule yangu ilikuwa miaka minne tu na kalamu hii inateleza. Lakini najua nikinyamaza ataandika mwingine, naye atasema Tusajigwe alikuwa mcheza kamari. Hakuwa. Basi kaeni, na msinikatize.

Tusajigwe ni mke wa Eliya, fundi uashi, hapa hapa Ipyana. Zamani waliishi Dar es Salaam, na huko ndiko alikojifunza kazi yake ya kugawa karata kwenye kasino. Hachezi. Anasimama nyuma ya meza ya kijani kavaa kizibao cheusi, anachanga karata mpaka zinalia kama njiwa akiruka, anampa kila mtu mbili, halafu anafungua tano katikati, na wenye pesa zao ndio wanagombana. Mchezo wenyewe unaitwa poka. Wanawekeana dau kwa vidude vya plastiki vya rangi rangi vinavyoitwa chipu, na mimi mara ya kwanza kusikia nilidhani ni viazi vya kukaanga.

Waliporudi nyumbani, kakao ilikuwa imepanda bei. Mnakumbuka wenyewe. Mtu mwenye miche arobaini alitembea kama mkuu wa wilaya. Pikipiki mpya zilijaa mpaka kwenye vijia vya migombani. Hapo ndipo tajiri mmoja wa Mbeya akafungua hoteli pale mjini Kyela, akaweka chumba chenye mashine za kamari na meza moja ya poka, na meneja wake Sylvester, mtu wa Moshi, akamwajiri Tusajigwe. Meza ilijaa watu tisa kila Jumamosi na wengine wakasimama ukutani kungoja kiti. Wakulima walicheza kwa kelele. Mtu akipata karata mbaya anaongeza dau hivyo hivyo kwa kujidai, akipoteza anacheka na kuwanunulia wote soda, na aliyeshinda anamsukumia mgawa karata chipu mbili tatu za shukrani. Mtoto wao, Jubilate, alivaa viatu vipya vya shule mwaka ule.

Halafu bei ikaanguka. Sijui nani huko Ulaya aliamua kuacha kula chokoleti. Watu wakasimamisha nyumba kwenye linta, mwiko wa Eliya ukatundikwa ukutani miezi mitatu, na wafanyabiashara wa Malawi, kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu, nao wakapungua kwa sababu pesa yao ilikuwa inaumwa kuliko yetu. Pale mezani, wa kwanza kupotea walikuwa wale wa kelele na soda. Wakabaki wanne wagumu, waliokuja kutafuta ugali: Dickson, ambaye ni wakala wa kununua kakao na mzaliwa wa hapa; mwalimu mmoja mstaafu; mchuuzi wa samaki; na mtu mmoja mnene mwenye mabasi. Hao walikaa kama sanamu. Wanapewa karata, wanachungulia, wanatupa. Wanapewa, wanachungulia, wanatupa. Kila mmoja anangoja ree mbili, karata kubwa kuliko zote, na akizipata anaongeza dau, wenzake watatu wanamwona alivyonyooka shingo, wanatupa tena. Sylvester akashusha dau mara mbili, wapi. Tusajigwe alisema ilikuwa kama kupakua chakula kwenye msiba ambao hakuna anayekula.

Mwisho tajiri akatuma neno: Jumamosi ya mwisho wa mwezi atakuja mwenyewe. Ikifika saa tisa alasiri bila watu watano mezani, meza inakunjwa na mgawa karata anakwenda kwao.

Sasa hapa lazima nieleze jambo kwa ajili ya ninyi mliozaliwa mjini. Kwetu Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe usoni. Hapiti mbele yake, hakai naye chumba kimoja, hamsemeshi. Tunaita ukutila, na maana yake ni heshima na woga kwa pamoja. Jina lake ndiyo kabisa halitaji, wala neno linalofanana nalo. Wako waliolegeza siku hizi, ila ukoo wa Eliya haujalegeza. Na baba yake Eliya anaitwa Asajile, yaani amebariki. Tusajigwe, tumebarikiwa. Mmeona mkosi? Tangu aolewe, miaka kumi na mmoja, yule binti hawezi kutaja hata jina lake mwenyewe. Akiulizwa zahanati anatoa kadi na kunyamaza. Kwenye kitambulisho cha kazini aliandikisha Tusa, akamwambia Sylvester jina ni refu mno.

Mzee Asajile alikuwa mtu wa meli. Ujana wake wote aliupandisha na kuushusha ziwani kutoka bandari ya Itungi. Tusajigwe alijua sauti yake, kikohozi chake, na viatu vyake vyeusi vyenye soli nene ya mpira. Sura yake hakuijua. Na kule nyumbani ilijulikana tu kwamba mke wa Eliya anafanya kazi hotelini, basi.

Jumamosi ikafika. Saa tisa kasorobo walikuwa wanne, na kiti cha tano kitupu. Tajiri wa Mbeya alikaa pembeni na chai yake, anatazama saa ya ukutani bila kuficha. Tusajigwe alichanga karata zilizokwisha kuchangwa. Alikuwa anawaza atamwambiaje Eliya, na atamwambia kabla ya kula au baada.

Mlango ukafunguliwa. Yeye, kwa mazoea ya kumheshimu mgeni, alianza kutazama chini. Akaona viatu vyeusi, soli nene ya mpira. Halafu kile kikohozi.

Alishuka chini ya meza kama aliyekatwa miguu.

Sasa sikieni kosa lilipo. Kwenye kasino, mikono ya mgawa karata lazima ionekane muda wote. Akijikuna tu, anaonyesha viganja kwanza. Mgawa karata kupotea chini ya meza ni sawa na karani wa benki kukimbilia chooni na mfuko.

"Mikono!" alifoka mwalimu mstaafu. "Mikono iko wapi?"

"Kaficha karata!" alisema mnene wa mabasi.

Sylvester alikuja mbio, akainama. "Tusa! Umeangusha nini?"

"Sijaangusha."

"Sasa unafanya nini huko?"

"Nimekaa."

"Umekaa? Bosi yupo, wewe umekaa chini ya meza?"

"Mwondoeni kwanza yule."

"Yule nani?"

"Yule aliyeingia."

"Anaitwaje?"

Tusajigwe alijisogeza nyuma ya mguu wa meza.

"Tusa, nakuuliza, mtu huyu anaitwa nani?"

"Jina analo," alisema Tusajigwe, karibu kulia. "Ila si la mdomo wangu."

Sylvester alisimama, akamtazama mgeni, akatazama meza, mtu wa Moshi wa watu kapotea kabisa. Ndipo Dickson akapiga kofi la paja. "Mwe! Sylvester, acha kumhoji mke wa watu. Huyo ni baba mkwe wake!"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hata umkate kidole hatamtaja. Wala hatatoka humo mpaka mzee aondoke."

Na mzee akiondoka, kiti cha tano kinaondoka naye. Tusajigwe alilijua hilo akiwa amejikunyata pale, magoti kidevuni, anahesabu viatu. Kushoto kulikuwa na mlango wa jikoni. Akitambaa mpaka pale, anatoka akiwa mke mwenye adabu asiye na kazi. Akisimama, anabaki na kazi, na kesho Ipyana nzima mpaka Itungi itasema kamtolea macho baba mkwe juu ya meza ya kamari. Alianza kutambaa. Nasema kweli, alishatambaa hatua mbili, na Mungu anajua ule mwiko ukutani ulimuuma.

Mzee Asajile akakohoa. Hakumsemesha. Aliongea na dari.

"Mwambieni mgawa karata," alisema, "mimi sikuja kutafuta mkwe. Mkwe wangu nimemwacha nyumbani anaanika mpunga. Nimekuja kucheza poka."

Kisha akakivuta kile kiti, akakigeuza, akakaa. Mgongo mezani, uso ukutani, kwenye picha ya ziwa waliyotundika pale.

"Kiti kimekalika?" aliuliza.

Tajiri wa Mbeya aliweka kikombe chini. "Sylvester, mtu anayekaa mgongo anahesabiwa?"

"Ana pesa, bosi."

"Basi anahesabiwa. Watano."

Tusajigwe alisimama. Alivuta pumzi, akafungua viganja juu ya kitambaa cha kijani, huku na huku, kama alivyofundishwa. Mbele yake, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, palikuwa na mabega ya baba mkwe wake na koti la kijivu lililoshonwa kiraka kwenye kola. Mgongo hauna marufuku. Akagawa.

Lakini karata zitamfikiaje mzee? Kumpa mkononi haiwezekani. Hapo Sylvester, na tai yake ile, akachukua kisahani cha chai, akaziweka mbili juu yake, akazunguka nazo kwa heshima kama anampelekea mkwe chakula. Dickson alicheka mpaka akafuta macho.

"Mwulizeni aliyekaa kwa mgongo," alisema Tusajigwe, "anafuata au anajitoa?"

"Mwambieni naongeza," alisema mzee.

Wakatazamana. Poka, alinieleza Tusajigwe, karata ni nusu tu. Nusu ya pili ni kumsoma mwenzako usoni, kujua kama anazo kweli au anakupiga mkwara. Sasa mgongo utausomaje? Wale wanne walikuwa wamezoeana mpaka kila mmoja anajua mwenzake anavyopumua. Leo mbele yao kuna koti. Dickson akainuka kidogo, akachungulia ubavuni.

"Gwe Dickson," mzee alisema bila kugeuka, "unatafuta nini shingoni mwangu? Chawa?"

Hata tajiri alicheka.

Tusajigwe akafungua za katikati, akizitaja kwa sauti ili ukuta usikie: saba ya kopa, mfalme wa shupaza, tisa ya kopa. Mzee akaongeza. Ikaja ya nne, kopa nyingine, mzee akaongeza tena. Mwalimu katupa, mnene katupa, mchuuzi katupa. Dickson alibaki na wafalme wawili, mmoja mkononi na mmoja mezani, jasho linamtoka, maana kopa zilikuwa zimefika tatu pale mezani, mwenye kopa mbili mkononi angemshinda, na yule mzee anapiga mluzi mdogo kama mtu anayefunga kamba bandarini. Akazishika, akaziweka, akazishika. Mwisho akazitupa. "Chukua, mzee. Unazo."

Mzee akainua zake juu ya bega, wazione. Mbili ya pau na tano ya uru. Takataka tupu.

Chumba kilipasuka kwa kicheko. Mwalimu mstaafu, ambaye tangu kakao ishuke hakuna aliyeyaona meno yake, alicheka akagonga meza na kuita soda kwa watu wote, mpaka mpishi. Waliokuwa kwenye mashine wakaja kutazama. Mmoja akauliza kiti ni shilingi ngapi. Mwingine akasema na yeye anataka kucheza kwa mgongo, akaambiwa akatafute mkwe kwanza.

Dickson ndiye aliyekiri baadaye. Wiki ile alikuwa amepeleka mzani shambani kwa mzee, mzee akamuuliza juu juu tu habari za hotelini, naye akaropoka kwamba meza inakufa kwa kukosa mtu mmoja. Kesho yake beberu mkubwa wa mzee hakuonekana zizini; alikuwa ameuzwa.

Alipoinuka kuondoka, mzee alichukua chipu tatu, akazirusha nyuma bila kutazama. Zikabiringika kwenye kitambaa mpaka kwenye mikono ya Tusajigwe. Mgawa karata akipewa ya shukrani hugonga nayo meza mara mbili kabla ya kuitia mfukoni. Akagonga: ko, ko. Kutoka mlangoni, kwa ukuta, kwa dari, sijui kwa nani, mzee alisema, "Ndaga fijo," yaani asante sana.

Tajiri wa Mbeya alimalizia chai yake. "Meza ibaki mpaka kakao ya msimu ujao," alisema. "Kisha tutaona."

Msidanganyike, hali bado ngumu. Dau bado ni dogo na Eliya anachapia ukuta mmoja kwa mwezi. Lakini Jumamosi watu wanafika saba, siku nyingine wanane, na kiti kimoja kimegeuzwa moja kwa moja. Nyumbani hakuna lililobadilika. Tusajigwe anapeleka chakula cha mzee kwa mkono wa Jubilate, macho chini. Juzi tu mzee, anakula zake wali, kamuuliza mwanawe: "Eliya, mkeo siku hizi anafanya kazi gani?"

"Yuko hotelini, baba."

"Vizuri," mzee alisema, akachukua kipande cha samaki. "Mwambie asiiache."

Nimemaliza. Sasa na ninyi mtoe jasho. Kila aliyesoma hapa akae chini aniandikie habari za mtu mmoja aliyemkalia kiti mambo yalipokuwa magumu, jina lake lote na ukoo wake, na alivaa nini siku hiyo. Msinitumie kwa simu, sitaki simu. Karatasi, na herufi kubwa. Mpeni Dickson, anapita hapa na mzani wake kila Alhamisi.