Siku Nilipokuwa Elimu

Mwezi uliopita, katika foleni ya zahanati hapa Miyuji, bibi mmoja alikaa karibu yangu akiwa amejitanda kaniki. Nguo ile nyeusi ilinukia samli na moshi wa kuni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha nikageuza uso, maana harufu ile ilinirudisha darasa la tano, kwenye jambo ambalo sijapata kumsimulia mtu. Nawasimulia ninyi.

Wakati huo Nzuguni, tulikokaa, ilikuwa mashamba ya uwele na nyumba za tembe zilizotawanyika. Baba yangu, Mrangi wa Kondoa, alikuwa karani mjini, nami nilikwenda shule nimevaa viatu. Rafiki yangu Nyemo alikuwa Mgogo, yatima aliyelelewa na bibi yake, mfugaji wa mbuzi. Nyemo alikuwa na sauti ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya korongo. Akisimama kusoma, hata darasa la jirani lilinyamaza.

Siku ya wazazi ilipokaribia, mwalimu wetu wa Kiswahili alitunga ngonjera ya watu wawili, Elimu na Ujinga. Mimi, kwa ajili ya sare yangu safi, nikawa Elimu. Nyemo akawa Ujinga, akaambiwa aje na nguo ya kwao. Alileta kaniki ya bibi yake, akaivaa juu ya sare. Tulifanya mazoezi wiki mbili baada ya masomo, upepo ukitujaza vumbi mdomoni. Mwalimu alinifundisha kunyoosha kidole na kukaza sauti:

*Ondoka wewe mchafu, nuru haikai nawe!*

Naye Nyemo alipaswa kupiga magoti, aivue kaniki na kuitupa chini:

*Ninavua giza langu, nipokee niwe wako.*

Siku ya kwanza ya mazoezi hakuitupa, aliikunja. Mwalimu akamwambia aitupe, na aitupe mbali.

Siku yenyewe wazazi walikaa kwenye madawati yaliyotolewa nje. Bibi yake Nyemo alikaa mbele kabisa, amejitanda kaniki nyingine kama ile. Nilipofika kwenye neno "mchafu" watu walicheka, wakamtazama Nyemo, kisha wakamtazama bibi. Nami, nikidhani ni mimi ninayefurahisha, nikarudia mstari kwa sauti kubwa zaidi. Nyemo akaivua kaniki, akaitupa.

Bibi akainuka. Tulidhani anakuja kumtuza mjukuu wake, kama wazazi wengine walivyofanya. Aliokota ile nguo, akaikung'uta vumbi, akaikunja taratibu. Kisha akasema kwa Kiswahili, ambacho wengi tuliamini hakijui:

"Mwalimu, nguo hii nilimbebea mgongoni mama yake, nikambebea na yeye. Siku ya kumwandikisha shule nilikuja nimeivaa. Ujinga uko wapi hapo?"

Hakupandisha sauti. Mwalimu mkuu akawashukuru wageni, kwaya ikaitwa, na mimi nikapewa zawadi ya madaftari.

Jioni nilimsimulia mama, nikilalamika kwamba bibi yule alituharibia ngonjera. Mama aliniuliza kama bibi yangu wa Kondoa anajua kusoma. Nikasema hajui, nikaendelea kula.

Nyemo hakuacha shule. Ila tangu siku ile, akiitwa asimame kusoma, alisema koo linamuuma, na ikawa hivyo mpaka darasa la saba. Kwenye ripoti yake mwalimu aliandika kwamba hajiamini. Niliyasoma maneno hayo nikiwa nimekaa naye dawati moja. Sikumwomba radhi, na baada ya mtihani wa mwisho tulipotezana.

Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba mistari yote, ya Elimu na ya Ujinga, ilitoka kwenye kalamu moja. Nyemo hakupewa hata neno la kujitetea. Ilibidi bibi yake ainuke amsemee. Tulitunga shairi la kuwashawishi watu wapeleke watoto shule, tukamsomea mwanamke aliyekuwa amekwisha kumleta wa kwake, na ambaye asubuhi ile alitembea saa mbili kwa miguu ili amsikie akisema mashairi. Sisi tukampa jina la mchafu. Na aliyelitamka ni mimi, mara mbili, kwa ile sauti niliyosifiwa.