Komamanga la Winifrida

Saa moja asubuhi, Winifrida Kokushubira anadeki ngazi za ghorofa ya nne katika jengo la zege huko Lewisham, kusini-mashariki mwa London. Lifti imeharibika tena. Ndoo ameipandisha kwa mkono, na kila akifika dirishani anasimama kuvuta pumzi na kuangalia majengo mengine matatu yanayofanana na hili kama mapacha.

"Watu wanasema haya majengo ni mabaya," anasema huku akikamua dekio. "Mimi nikiyaona najisikia niko nyumbani."

Nyumbani anakokusema si Bukoba, alikozaliwa miaka hamsini na tisa iliyopita. Ni Tashkent, Uzbekistan, enzi za Umoja wa Kisovieti. Alikwenda huko mwaka 1986 kusomea ujenzi, akakaa bweni lililokuwa kwenye Barabara ya Wajenzi.

"Ilikuwa pana, imejaa miti ya kivuli," anakumbuka. "Maji yalipita kwenye mifereji kando ya miguu yako. Maghorofa yote yalikuwa ya zege, lakini watu walipandisha mizabibu hadi kwenye roshani. Na kila ukuta wa ubavuni ulikuwa na picha kubwa ya vigae vidogo vidogo. Jua, pamba, ndege."

Picha mojawapo alishiriki kuitengeneza yeye. Mwaka wa tatu wa masomo, wanafunzi walipandishwa kwenye jukwaa la mbao kupanga vigae vya bustani ya makomamanga. Winifrida alipewa tunda moja.

Alihitimu mwaka 1992, Umoja wa Kisovieti ukiwa umeshavunjika. "Niliingia nchi moja nikatoka nchi nyingine, na chumba sikuhama," anasema, anacheka.

Miaka tisa baadaye alimfuata mumewe London. Cheti chake cha Kirusi hakikumpa kazi ya ujenzi, akaanza kusafisha ofisi. Mume alifariki binti yao, Haika, akiwa na miaka tisa. Kwa muda mrefu mama huyo alifanya kazi mbili kwa siku, na hadi leo kodi ya nyumba inakula zaidi ya nusu ya mshahara wake.

Habari za vigae aliacha kuzisimulia. "Nikisema nimejenga Tashkent, watu wanatabasamu tu. Miaka ikapita, hata mimi nikaanza kudhani niliota."

Mwaka jana Haika, ambaye sasa anafanya kazi ofisini huko Harrow, alimkatia mama yake tiketi ya Tashkent, akakata na yake.

Jina la barabara lilikuwa limebadilishwa. Dereva wa teksi, kijana, hakuijua Barabara ya Wajenzi, akampigia simu mama yake. Winifrida akaomba simu, akazungumza na mama huyo kwa Kirusi hadi wakaelewana njia. Haika alikuwa hajawahi kumsikia mama yake akiongea lugha hiyo.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Ningeiongea na nani Lewisham?" mama akamjibu.

Walikuta roshani nyingi zimezibwa kwa vioo. Chini kulikuwa na maduka ya dawa na ya simu, na mifereji mingine imekauka. Miti ilikuwepo, mikubwa kuliko zamani. Lakini jengo alilodhani ndilo lilikuwa limefunikwa ubavu mzima kwa paneli nyeupe.

"Nikamwambia Haika, basi, turudi."

Mwanamke aliyekuwa ameketi kwenye benchi aliwauliza wanatafuta nini. Jina lake Dilbar, na amekaa barabara hiyo tangu utotoni. Winifrida alipomweleza, Dilbar alisogea amtazame usoni vizuri.

"Ni wewe uliyepindua komamanga?" akauliza.

Aliwashika mikono akawavusha hadi jengo la pili. Sehemu ya chini ya picha ilikuwa imezibwa na bango la duka, ila juu yake makomamanga yote yalikuwepo, taji, yaani zile ncha za upande wa pili wa kikonyo, zikielekea mbinguni. Moja tu taji yake ilikuwa chini.

"Siku ile baridi ilikuwa kali, vidole havina hisia," Winifrida anaeleza. "Msimamizi alipokuja, saruji ilikuwa imeshashika. Akaangalia, akasema, acha hivyo hivyo, hata kwenye mti huning'inia hivi. Watoto wa mtaa walicheka wiki nzima. Dilbar alikuwa mmoja wao."

Haika alisogea hadi chini ya ukuta. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Mama, hili ni lako."

"Hapo ndipo nilipolia," anasema Winifrida.

Majira haya ya joto amepewa ruhusa ya kupamba ukuta mtupu wa uani hapa Lewisham. Wakazi wanaleta vigae na sahani zilizovunjika. Mzee Surinder wa ghorofa ya pili ameomba tausi. Mama Miradie, Mkongomani wa ghorofa ya tano, anataka majani ya sombe, yaani kisamvu, "watu wajue tunakula nini." Winifrida mwenyewe ataweka mgomba wa Bukoba.

Haika ameomba likizo ya wiki nzima ili aje kusaidia.

"Anadhani ni kazi ya kukaa na kuchagua rangi," anasema mama yake, akiinua ndoo kuelekea ghorofa ya tano. "Sijamwambia mgongo utakavyomuuma. Aje kwanza."