Madirisha Yaliyogoma Siku ya Ukombozi

Shangazi yangu alifua mashuka ya hospitali ujana wake wote, na mpaka leo hawezi kuona kitambaa kimekaa ovyo. Ukiacha taulo kwenye kiti, utalikuta limekunjwa pembe kwa pembe. Ukiacha mdomo wazi, nao ataukunja. Ni dada mkubwa wa baba, mfupi, mbishi. Mimi na mume wangu tunaishi chini, yeye analala ghorofani, chumba kile kile alimozaliwa, chenye dirisha la mbao linalotazama barabara.

Humo ndimo alimokuwa wakati wa vita, mtoto mdogo. Wavamizi walipouteka mji waliamuru kila dirisha la barabarani lipigiliwe misumari, mtu asione wanakopita. Watu wakaishi gizani mchana kweupe. Jeshi letu lilipoukomboa mji, yale madirisha yakafunguliwa yote. Ndiyo maana kila mwaka, siku hiyo, king'ora cha manispaa kilipolia asubuhi, mji mzima ulifungua madirisha kwa pamoja. Kisha wakubwa fulani wakasema king'ora ni kero, wakakizima, na sisi tukajitia hamnazo. Hata aibu hatukuona.

Shangazi hakuacha. Mwaka hadi mwaka alivaa gauni lake la kutokea, akafungua dirisha peke yake, akasimama pale wapita njia wakimshangaa. Mwaka huu manispaa ikatangaza kwamba sherehe inarudi, king'ora na yote. Shangazi alikosa usingizi.

"Nataka nisikie mtaa unafunguka," aliniambia. "Mara moja tu, mwanangu, masikio yangu yangali yanafanya kazi."

Akanikokota mlango hadi mlango kuwaomba majirani. Wengine walimwitikia vizuri, wengine walitia pamba masikioni. Fundi simu wa ng'ambo ya barabara hata kiti hakumpa.

"Bibi, hayo mambo yenu ya kale," alisema. "Mimi siku hiyo ni mapumziko, nalala."

Nilitaka kumpa vidonge vyake, Shangazi akanivuta mkono tukaondoka. Nilijua kinachomkaa rohoni: king'ora kitalia, mtaa utabaki umefumba macho, naye atasimama dirishani peke yake kama miaka yote.

Manispaa ikaleta rangi ili mtaa upendeze, na kazi akapewa mume wangu, ambaye kila mtu humwita Brashi. Sasa Brashi, Mungu amjalie, hajui kupaka kidogo. Alipaka madirisha na fremu zake rangi ya mafuta mpaka zikavimba. Jioni ya kuamkia sherehe upepo ukaanza kutimua vumbi. Akakimbia nyumba hadi nyumba akihimiza watu wafunge madirisha, rangi isishike mchanga. Watu wakafunga. Mimi nikamsifu kwa kuwa na akili, maana sikuwa nimefikiri mbele kuliko yeye.

Asubuhi tulipanda wote wawili kwa Shangazi. Tulimkuta ameshavaa, mkono uko kwenye komeo. King'ora kikalia, sauti yake ndefu ikapanda mpaka nikasahau kupumua. Shangazi akavuta komeo, akasukuma. Dirisha halikutikisika. Akaliwekea bega. Wapi! Rangi ilikuwa imekaukia humo humo, mbao na fremu vimeshikana vikawa kitu kimoja.

Nikamgeukia Brashi. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Tulifunga rangi ikiwa mbichi," alisema.

"Dirisha hili tu?"

"Mtaa mzima, mke wangu."

King'ora kikanyamaza. Nje kimya, hakuna bawaba iliyolia. Shangazi akakaa kitandani, mikono mapajani.

"Hawakufungua," alisema.

Nilikuwa namtafutia Brashi tusi linalomtosha nilipousikia mshindo wa kwanza, du, kwenye nyumba ya jirani. Mtu alikuwa anapiga dirisha kwa ndani. Ukafuata mwingine, upande wa pili, kisha barabara yote ikapokea: ngumi, mabega, michi, visigino vya viatu. Hawakuwa wamekataa. Walikuwa wamekwama kama sisi, wakijigonga watoke. Ile sauti ilipita ukutani, ikaingia kifuani, mwili mzima ukanisisimka. Nikasikia rangi ikipasuka, dirisha moja likaachia kwa kishindo, halafu jingine, halafu sikuweza tena kuyatofautisha. Nimeishi mtaa huu maisha yangu yote na sikujua kwamba una nguvu kiasi kile.

"Ndiyo hii," Shangazi alisema. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Ndiyo sauti yenyewe. Huku kufungua kwa adabu, king'ora kikilia, kulikuja baadaye. Siku ile watu walipiga hivi, misumari ikang'oka."

Nilidhani nimeikariri habari ya siku ile tangu utotoni, kumbe nilikuwa sijui kitu.

Dirisha letu peke yake lilibaki. Brashi alilipaka zaidi ya mengine yote, kwa heshima ya Shangazi. Tulilipiga mpaka viganja vikawaka moto.

Mtu akapaza sauti barabarani: "La bibi bado!"

Ngazi ikagonga ukuta, ikalia chini ya uzito wa mtu anayepanda. Ncha ya bisibisi ikapenya katikati ya mbao, ikashuka polepole ikikata rangi. Upande mmoja wa dirisha ukavutwa, mwanga ukatumwagikia. Kwenye mwanga huo alisimama fundi simu, yuko na fulana ya kulalia, rangi puani, anahema. Nyuma yake madirisha yote yalikuwa wazi mpaka mwisho wa barabara. Watu walikuwa wamejazana humo, wote wanatazama kwetu.

Shangazi aliinuka. Alimtazama yule fundi kama hajawahi kumwona. Sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo, ya mtoto, siijui.

"Vita vimekwisha?"

Fundi simu akatutupia macho mimi na Brashi, hatukuweza kumsaidia.

"Vimekwisha, bibi," alisema. "Vimekwisha kabisa."

"Basi sogea," Shangazi alimwambia. "Nione nje."