Siri Iliyofungia Bagia

Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelala juu ya mabasi ya Ikwiriri, nami nusu usingizini, nilipouziwa bagia zilizofungwa kwa barua ya ofisini. Ilipigwa muhuri: SIRI. Watu wa kisiwa kimoja cha delta wahamishwe, mwekezaji afuge kamba.

Ofisa niliyekaa naye benchi moja akachungulia. "Ndugu mwandishi, usije ukaiweka kwenye intaneti. Siri ya serikali hiyo."

"Inasemaje?" akauliza mama muuza bagia. Nikamsomea. Akajifuta mafuta mikononi, polepole.

"Kwetu huko," akasema. "Tangu juzi nawafungia watu bagia kwa nakala zake, mie sijui kusoma. Mbona hakuna aliyeniambia?"

Ofisa akatazama ukungu.

Mnaoniuliza kwa nini niliianika kwenye intaneti: mji mzima ulishaisoma, ukapangusia midomo.